Mpishi Asiyeonja

Ukitaka kumuudhi Bi Arafa wa Kaole, mpe kijiko umwambie aonje. Atakitazama kijiko, atakutazama na wewe, kisha atasema kwa upole wa kutisha, "Mwanangu, mimi sionji. Anayeonja ni mgeni." Miaka thelathini na mitano amepika shughuli za watu, harusi, hitima na maulidi, Kaole na Bagamoyo mjini na vijiji vya jirani, na miaka yote hiyo sifa iliyomtangulia ni hiyo hiyo: sufuria la kulisha watu mia tatu, chumvi yake anaipima kwa jicho, na jicho halikosei.

Sasa ukweli na usemwe, maadamu mwenyewe ameshausema. Bi Arafa alikuwa akionja. Hakuna sufuria alilopata kuliacha. Ila alikuwa na namna yake. Yeye ni mtafunaji wa tambuu, tangu asubuhi shavu la kushoto limetuna, na tambuu, watafunaji wanajua, haikosi kusogezwa kwa kidole mara moja moja. Basi kidole cha shahada cha Bi Arafa kilipita kwanza sufuriani, upesi, halafu kikapanda shavuni kusogeza tambuu, na uso wake wakati huo ukawa unatazama minazi. Alikionja chakula kikiwa bado kibichi, kwa kuwa sufuria likishachemka kidole hakiingii. Ulimi wenye chokaa na katu uliwezaje kupima chumvi, hilo ni lake na Mola wake, lakini uliweza.

Kikohozi kilimwanza miezi michache baada ya kurudi kutoka Muheza, alikokwenda kwa mdogo wake Mwajabu kupika harusi ya mtoto wa huyo mdogo na kukaa huko miezi miwili. Kilianza kidogo kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, kisha kikaingia ndani kikakaa. Kifua kikawa kinamchoma upande wa kulia, na kohozi lilipotoka lilikuwa na rangi ya kutu. Mtu mwingine angeshtuka. Bi Arafa alikuwa na miaka arobaini anatema vyekundu, na watu wa nyumbani kwake walishazoea kukwepa. Kwa hiyo hakuna aliyelitazama lile kohozi, yeye mwenyewe akiwemo.

Kituo cha kwanza walimwambia ni pumu, wakampa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Aliivuta wiki sita, akasema ina ladha ya sarafu. Kituo cha pili wakampiga picha ya kifua, ikaonyesha mawaa upande ule ule wa kulia, na safari hii daktari aliuliza kuhusu damu. Kohozi lilipopitishwa kwenye mashine halikuonyesha kidudu chochote, lakini picha, kikohozi na damu vyote vilielekea upande mmoja, na daktari hakutaka kumwacha mtu wa miaka sitini na moja akapotea kwa kusubiri. Akamwanzishia dawa za kifua kikuu, miezi sita. Dija, msaidizi wake wa jikoni tangu wote wawili wana meno kamili, akapewa kazi ya kumsimamia azimeze kila asubuhi.

"Fungua kinywa nione," Dija angesema.

"Kwani mimi punda unaninunua?"

"Punda ana nafuu, hafichi kidonge chini ya tambuu."

Dawa zile zilimgeuza mkojo rangi ya chungwa, Bi Arafa akalalamika kwamba sasa amekuwa mwekundu juu na chini. Lakini hakukonda. Hilo ndilo lililowashangaza majirani. Mgonjwa wa kifua kikuu wanamjua alivyo, na huyu wao mwezi wa nne alimpelekea fundi magauni mawili yapanuliwe mikono.

Watu wa Kaole ni waungwana. Hakuna hata mmoja aliyemwambia asije kupika. Walisema tu, "Pumzika, Bi Arafa," na wakampumzisha harusi tano mfululizo. Akienda hitimani alipewa kiti cha mbele na sahani yake peke yake, iliyofunikwa vizuri. Aliiona ile sahani akaijua maana yake. Mchana alisema kila kitu isipokuwa hicho, lakini Dija alimwona akilisugua kwa majivu sufuria lake kubwa ambalo halikuwa limeguswa na moto tangu mfungo uliopita.

Miezi sita ikaisha, kikohozi kipo. Daktari akakuna kichwa. Akasema pengine ni ile aina sugu, na kwamba wiki ijayo, Jumatatu, wataanza matibabu mengine, marefu zaidi ya yale. Na mpaka ijulikane, asipikie watu.

Hapo ndipo neno hilo lilipomkata. Mjukuu wake Adila, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuwa akiolewa mwisho wa mwezi. Bi Arafa alikuwa ameshaipika ile walima kichwani mara mia. Alijua mpaka aina ya kuni. Na sasa wajomba walikaa baraza, wakazungumza kwa sauti ya chini, wakamtuma mtu Kerege kwa Saida.

Saida ni mpishi mzuri, tusimwonee. Lakini Saida anaonja kwa kijiko mbele za watu, na kila akionja husema "mmh" kwa nguvu ya kusikika barabarani. Kwa Bi Arafa, afadhali wageni wangeambiwa wachukue ndizi waende zao.

Kabla ya hiyo Jumatatu alitakiwa kupeleka kohozi tena maabara, mjini. Huko ndiko alikokutana na Ashrafu, mtaalamu wa maabara, kijana Mnyamwezi wa Tabora aliyehamishiwa Bagamoyo mwaka huo. Bi Arafa ni Mzaramo wa kutosha, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Alipokisikia kile Kiswahili cha bara, mgongo wake ukanyooka kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

"Shikamoo, bibi," alisema Ashrafu.

"Marahaba, mpagazi wangu. Mizigo umeitua wapi?"

"Nimeitua hapa, bibi, nasubiri chakula. Babu zangu walitembea miezi mitatu wakitegemea mtawapikia, na mpaka leo naambiwa chakula cha huku mpishi wake hata haonji."

Kumbe sifa imefika. Bi Arafa alicheka, kicheko kikawa kikohozi, na kikohozi kikaisha na kohozi kwenye pembe ya khanga. Ashrafu hakucheka tena. Alilitazama.

"Hiyo ni tambuu?"

"Tambuu, mwanangu. Mimi ni mtu wa tambuu."

"Mbona nyingine nyekundu ya tambuu na nyingine ya kutu?"

Swali hilo hakuwa ameulizwa na mtu. Alitazama khanga yake akaona ni kweli, rangi ni mbili. Akakaa.

Ashrafu akavuta stuli, akaanza kumuuliza mambo ambayo kwa Bi Arafa hayakuwa na uhusiano wowote na kifua. Amesafiri wapi? Muheza. Muheza mjini? Hapana, juu, milimani, kwa mdogo wake Mwajabu, kwenye mto wenye mawe. Walikula nini?

"Tulikula? Mimi ndiye niliyewalisha." Na papo hapo alisahau kwamba ni mgonjwa. "Nilipika mchuzi wa kaa mpaka leo wanausimulia. Si kaa hawa wa kwetu wa baharini. Kaa wa mtoni, wadogo, weusi. Unawaponda kinuni wangali wabichi na magamba yao, unachuja kwa kifumbu, unapata maji yake mazito. Ndipo unatia tui, ndimu, pilipili, chumvi, unabandika."

"Chakula kiliiva?"

"Sisi fisi? Kilichemka mpaka mafuta yakaja juu."

"Walikula wangapi?"

"Mia mbili na ushei."

"Na wangapi wanakohoa?"

Bi Arafa alifikiri. Juzi tu alizungumza na Mwajabu kwa simu. "Hakuna," alisema.

"Basi kuna kitu mpishi alifanya, wageni hawakukifanya," alisema Ashrafu taratibu. "Bibi, nisikilize. Kuna mnyoo hukaa ndani ya kaa wa mito ya sehemu nyingine. Moto unamuua. Mtu akimmeza kabla hajapita motoni, mnyoo anatoka tumboni, anapanda mpaka kwenye pafu, anatulia, anataga mayai. Picha yake ni kama ya kifua kikuu. Damu yake ni kama ya kifua kikuu. Mashine yetu ile inatafuta kidudu kimoja tu, huyu haimjui. Mimi nimemwona chuoni, kwenye picha. Nataka nimtafute kwa macho yangu. Lakini niambie wewe: ulionja kabla ya moto?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Hapakuwa na mtu ila wao wawili na chupa za vioo. Lakini miaka thelathini na mitano si kitu cha kutemwa ndani ya maabara, tena mbele ya Mnyamwezi.

"Mimi sionji," alisema Bi Arafa.

Ashrafu hakubishana. Alimpa kopo lenye kifuniko. "Kohozi la alfajiri, bibi, kabla ya tambuu, litoke chini kifuani. Mayai yakiwemo yataonekana. Na yakionekana, nitajua."

Neno hilo la mwisho ndilo lililoharibu. Njia nzima ya kurudi, ndani ya bajaji, Bi Arafa alilishika lile kopo mapajani kama mtu aliyebebeshwa shahidi. Yakionekana, atajua. Akijua yeye, atajua daktari, atajua muuguzi ambaye shangazi yake anakaa Kaole, na kabla ya swala ya adhuhuri mji mzima utakuwa unajua kwamba Bi Arafa ni mwonjaji kama waonjaji wengine, tena wa kuchovya kidole. Kesho yake alfajiri akafanya jambo la mtu mwenye akili zake zote na kiburi chake chote: akatema mate kopo zima, meupe, mazuri, yasiyo na hatia, akayapeleka mjini.

Ashrafu aliyainua juu ya mwanga. "Bibi, umeniletea mate."

"Ndicho nilicho nacho."

Akampa kopo la pili. Siku ya pili alileta mate tena, na safari hii akasahau akayatia tambuu. Ashrafu alimtazama kwa muda. "Mimi mtani wako," alisema, "ukinidanganya ni haki yako, mimi pia nitakudanganya siku moja. Lakini Jumatatu utaanzishiwa dawa kali za miezi mingi kwa ugonjwa ambao pengine huna. Dawa hizo hazitanii." Akamwekea kopo la tatu mkononi.

Ijumaa hiyo Saida alikuja Kaole kukagua mahali pa kupikia. Alikuja na heshima zote, shikamoo mbili, halwa ya kutosha, akaomba aazimwe sufuria kubwa. Bi Arafa alisema "chukua" na akaingia ndani. Adila akamfuata. Huwa wanataniana hawa wawili bila kupumzika, mjukuu anamwita bibi yake mke mwenza, na Bi Arafa alikuwa tayari kwa utani. Lakini Adila alikaa chini sakafuni, akaweka kichwa kwenye paja lake.

"Bibi, nitakula pilau ya Saida," alisema. "Nitakula na nitashukuru. Ila nilitaka yako."

Bi Arafa alimpapasa nywele, na moyoni aliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa nzito kuliko ile aliyokuwa akiikimbia. Hapa anaye mtoto anayetaka sahani moja tu ya kwake, na yeye amekalia dawa kwa ajili ya kidole.

Jumamosi alfajiri, kabla ya tambuu, aliinama uani akakohoa kutoka chini kabisa, mpaka machozi yakamtoka. Kohozi likatoka rangi ya kutu. Akafunga kopo, akavaa buibui, akaenda mjini bila hata chai.

"Nilionja," alimwambia Ashrafu mlangoni, kabla ya salamu. "Nilichovya kidole, nikalamba. Mara nne. Yale maji ya kaa hayakubali chumvi upesi."

Ashrafu angeweza kumtania mwaka mzima kwa maneno hayo, na baadaye alimtania. Lakini saa ile alisema tu, "Ahsante, bibi," akapokea kopo kwa mikono miwili.

Ilichukua muda. Bi Arafa alikaa kwenye benchi akihesabu vigae. Kisha Ashrafu akamwita, akamwonyesha pa kuweka jicho kwenye hadubini. Mwanzoni aliona ukungu, kisha kope zake mwenyewe, kisha yakatokea: madogo, ya dhahabu iliyokoza, marefu kidogo, na kila moja juu yake lina kitu.

"Mbona yana vifuniko?" aliuliza. "Kama masufuria."

"Ndiyo yalivyo. Mayai ya huyo mnyoo yana vifuniko."

"Ina maana kuna mtu anapika shughuli ndani ya kifua changu, na mimi nimekatazwa kupika."

Daktari aliitwa, akatazama, akatazama tena, akafuta miwani, akatazama mara ya tatu. Alikuwa mtu muungwana. Alimwomba Bi Arafa radhi kwa miezi ile sita. Akasema dawa yake ipo, tena ni ile ile ya kichocho wanayopewa watoto shuleni, ila yeye atameza mara tatu kwa siku, siku tatu. Halafu Bi Arafa akauliza swali lililomkaa moyoni siku zote hizo: je, anaambukiza? Daktari akajibu kwamba ugonjwa huu hauambukizi mtu kwa mtu. Hata kwa sahani moja. Hata kwa sufuria moja.

Siku tatu zile kichwa kilizunguka na tumbo likamkorofisha, na Dija, aliyezidi kumkagua kinywa, alimwimbia nyimbo za watoto wa shule. Siku ya kumi kohozi lilikuwa jeupe. Wiki ya pili alilala usiku mzima bila kuamka kukohoa, akaamka asubuhi amekasirika kwa kuchelewa swala.

Lakini harusi ilikuwa imebaki siku nne, na Kaole bado walijua ni kifua kikuu. Ili wajue sivyo, ilibidi waambiwe ni nini. Na wakiambiwa ni nini, wangeuliza huyo mnyoo alimpataje. Bi Arafa alilipindua jambo hilo huku na huku, akatafuta pa kupitia, akakosa. Siku ile wanawake walipokusanyika uani kumenya vitunguu thaumu, Saida akiwa kati yao, alisimama akatema tambuu yake yote, jambo ambalo lilitosha kunyamazisha watu.

Akawaeleza. Kaa, kinu, kifumbu, mnyoo, mayai yenye vifuniko. Alipofika kwenye kidole sauti ilimpungua, lakini alikisema. "Na si Muheza tu," aliongeza, kwa kuwa alishaanza. "Nyote niliowapikia. Miaka yote. Nilionja."

Visu vikatulia. Wanawake wakatazamana. Bi Arafa akasubiri kicheko, akaona heri kije kiishe.

"Na wewe," alisema Dija, huku akiendelea kumenya, "ulidhani tulikuwa tunakwenda kufuata kuni zipi?"

"Kuni gani?"

"Miaka thelathini, kila ukishatia chumvi mimi nasema 'jamani, kuni', na sisi wote tunageuka. Wewe uliona wapi watu kumi na wanne wakafuata kuni, wakarudi na vijiti viwili? Kila mgeni wa jikoni namfundisha hilo kwanza, kabla ya kumfundisha kukuna nazi. Akisikia kuni, ageuke, ampe Bi Arafa nafasi yake."

Bi Arafa alitazama nyuso zile moja moja. Hapakuwa na aliyeshangaa. Hata Saida wa Kerege alikuwa anajikuna sikio, kwa kuwa naye alianzia jikoni kwa Bi Arafa, miaka mingi nyuma, na aliwahi kufuata kuni.

Siku ya walima sufuria lake kubwa likarudi kwenye mafiga yake. Saida alibaki kama msaidizi, mwenyewe aliomba. Nyama ikaiva, mchele ukaingia, maji yakachemka juu ya kuni alizozichagua kichwani tangu zamani. Adila, ambaye kama bibi harusi hatakiwi kuonekana, alichungulia dirishani akafukuzwa mara tatu. Bi Arafa akatia chumvi.

"Jamani, kuni," alisema Dija.

Wanawake kumi na wanne wakageuka, wakaitazama minazi. Bi Arafa akabaki na migongo yao na khanga zao. Kisha akanyoosha mkono.

"Geukeni," alisema. "Saida, nipe kijiko chako."

Akachota kwenye mchuzi wa pilau unaotokota, akapuliza mpaka ukapoa, akaonja mbele yao wote.

"Imepungua," alisema. "Dija, lete chumvi."